Shahidi wa Nyumba Isiyo na Paa

Tarishi wa mahakama aliingia kituoni saa nne asubuhi, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi, akaibamiza karatasi juu ya kaunta na kusema, "Shahidi wenu nimempata."

Koplo Kalamu alikuwa kwenye funda la tatu la chai. Chai ikapita njia ya hewa. Alikohoa mpaka kofia ikadondoka.

"Umempata nani?"

"Shahidi wenu, koplo. Yule raia mwema aliyeona fundi rangi akipigwa risasi." Tarishi alijifuta uso. "Mtu mstaarabu kweli! Kanifungulia mlango, kanikaribisha kivulini, kaupokea wito kwa mikono miwili. Kasema kortini atakuja bila kukosa. Angalia, kaweka dole."

Kalamu akaangalia. Kwenye mstari wa mpokeaji palikuwa na alama ya dole gumba, rangi ya zambarau, pana kama kijiko.

"Mlango upi?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Mlango wa nyumba! Wewe nawe, kwenu watu wanaingilia dirishani?"

Tarishi akaenda zake akipiga mluzi. Kalamu akabaki ameishika ile karatasi kama mtu aliyekabidhiwa nyoka na kuambiwa asimwamshe. Nyumba ile haikuwa na mlango. Haikuwa na dirisha, haikuwa na paa. Warithi waliigombania kwa miaka ishirini, na wao wakiwa wanagombana, wezi wakabeba mabati, wakabeba milango na fremu zake, mwisho wakang'oa hata choo. Na huyo shahidi mstaarabu hakuwa na baba wala mama, maana alizaliwa juu ya meza ya Kalamu mwenyewe, siku ya Jumanne, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Ilikuwa hivi.

Kalamu hakuitwa Kalamu kwa kupendwa. Kwa miaka kumi na tano ndiye aliyeandika maelezo ya kituo kizima, na alikuwa na mwandiko mzuri wa kuandikia kadi za harusi. Askari akiua, Kalamu anaandika. Na kwa mujibu wa Kalamu, hakuna maiti wa kituo kile aliyewahi kufa amesimama, amekaa au amelala. Wote walikufa wakikimbia kwenda mbele, wameigeuzia bunduki kifua, mkononi wana kitu chenye ncha kali, na wote walionywa mara tatu. Mara tatu! Hata yule kiziwi alionywa mara tatu.

Fundi rangi ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alasiri moja ya jua kali, maduka yamefungwa, yeye yuko juu ya ngazi anaandika jina la saluni ukutani kwa rangi ya kijani. Sajini wa doria, ambaye wenzake walimwita Chapchap kwa kuwa kidole chake hutangulia swali, alikuwa anamtafuta mwizi mwenye shati la bluu. Shati la fundi rangi lilikuwa na kila rangi iliyowahi kutengenezwa na binadamu, na bluu ikiwemo.

"Shuka!" Chapchap alisema.

"Subiri kidogo afande, nimalize herufi hii, rangi itakauka," fundi alijibu, akageuka na brashi yake mkononi ili amwone anayesema naye.

Hakumaliza herufi.

Mkuu wa kituo alipolipokea jambo hilo hakuuliza nani kafa. Aliuliza nani kaona. Chapchap akaapa kwamba mtaa ulikuwa mtupu, palikuwa na lile gofu tu upande wa pili wa barabara.

"Basi shahidi tumtoe humo humo," Mkuu akasema. "Kalamu, tutengenezee raia mwema. Mweke kwenye lile gofu. Siku akitafutwa, ataandikwa hakupatikana, mchezo umeisha."

Kalamu akamtunga. Jina alilipata kwa kuunganisha jina la mbuzi wa mjomba wake na la bondia mmoja wa zamani. Akamsimamisha hatua kumi kutoka kwenye tukio, akamtia macho ya kuona kisu na masikio ya kusikia onyo. Kikabaki kitu kimoja tu, dole gumba. Madole ya mikono ya askari wote yapo kwenye rekodi za makao makuu.

"Ya mikono ndiyo yapo," Kalamu alisema, akakonyeza, akavua kiatu cha kushoto. Akalichovya dole gumba la mguu kwenye pedi ya wino, akaligandamiza chini ya maelezo, na juu yake Mkuu akapiga muhuri. Walicheka jamani! Chapchap alijishika mbavu, "Huyu shahidi ananuka soksi!" Mkuu alicheka mpaka akatoa leso. Kalamu, kwa furaha, akaitupa ile brashi ya kijani ndani ya droo yake na kuifunga kwa ufunguo, kwa sababu ndani ya faili ilishakuwa kisu.

Walichosahau ni kwamba daktari aliyeipasua maiti hakuwa mtu wao. Aliandika kwamba risasi iliingilia kiunoni ikatokea karibu na bega, imekwenda juu moja kwa moja. Hakimu aliyekuwa akichunguza kifo hicho, mama mmoja mwenye miwani na asiyependa utani, akauliza mtu anayekukimbilia uso kwa uso unampigaje risasi kutokea chini, labda kama uko ndani ya shimo. Akaagiza shahidi aitwe.

Na sasa shahidi alikuwa ameitika.

Kalamu alikwenda msalani, akajifungia, akavua kiatu. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Alishaoga, alishasugua, alishacheza mpira peku. Lakini dole lake gumba la kushoto lilikuwa zambarau tupu, bichi, kana kwamba limetoka kwenye pedi sasa hivi, na alipoligusa, halikuguswa. Yaani kidole cha mkono kilihisi dole la mguu, lakini dole la mguu halikuhisi kitu. Ni kama kugusa dole la mtu mwingine.

Keshoye wino ulikuwa umefika kwenye kifundo. Mkewe, fundi cherehani aliyezoea kuona kila aina ya doa, alimtazama akivaa soksi, akaziba pua.

"Mume wangu, umekanyaga nini?"

"Wino wa kazini."

"Wino haunuki popo. Kunanuka popo humu ndani, na chokaa iliyolowana." Akasogea karibu, sauti akaipunguza ingawa walikuwa wawili tu. "Halafu niambie. Asubuhi nilipokuwa jikoni, nani alikuwa anatembea ukumbini? Wewe ulikuwa bado kitandani. Nimesikia mguu mmoja. Pa. Kimya. Pa. Kama mtu asiye na wa pili."

Kalamu akamwambia ni panya. Mkewe akamuuliza panya gani anavaa saizi arobaini na mbili, akamwonyesha sakafu. Kuanzia mlangoni hadi ubavuni mwa kitanda, upande anaolala Kalamu, zilipangana nyayo za zambarau, za mguu wa kushoto peke yake, zote zimeelekea ndani. Hakukuwa na hata moja iliyotoka.

Kituoni nako kulikuwa na mjane. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi la mbele ya kaunta, gauni moja, mkoba mmoja, ombi moja.

"Naomba brashi ya mume wangu."

"Mama, hakuna brashi," Kalamu alimjibu kama siku zote. "Kuna kisu. Kiko kwenye faili."

"Mume wangu alikuwa anaogopa visu. Kuku nilichinjisha kwa jirani." Alimtazama bila kupepesa. "Nitakuja na kesho. Sina kazi nyingine, mmeshaniachisha kupika."

Chapchap akaguna pembeni, "Mjane huyu ana makalio ya chuma, benchi litakwisha." Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe hakucheka, na mama yule alipoondoka, Chapchap alimvuta Kalamu kwenye kona ya makabati.

"Kalamu. Huyu mtu wako..."

"Mtu gani?"

"Sema polepole, bwana! Huyu uliyemtunga. Jana kanisalimia. Niko kwenye gari, peke yangu, vioo juu, nikasikia kiti cha nyuma mtu anasema habari za kazi, sajini. Kwa adabu kabisa. Nilipogeuka hakuna mtu. Harufu tu." Akachungulia nyuma ya kabati. "Kaniuliza kama bado nina haraka."

Siku ile ile, saa saba mchana, jua limesimama wima na kituo kizima kimekwenda kula, Kalamu aliingia chumba cha majalada kulichukua lile faili. Alikuwa ameamua kuyachana yale maelezo, kuyachoma, hata kuyala ikibidi. Chumba kile kilikuwa kirefu na chembamba, rafu hadi darini, na taa yake ilikuwa na ugonjwa wa kupepesa. Alipofika rafu ya mwisho mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, bila kishindo, kama unavyofungwa na mtu mwenye malezi mema, na ile harufu ya popo na chokaa mbichi ikaja kwanza kidogo, halafu kwa wingi, halafu ikawa ndiyo hewa yenyewe, na katikati ya harufu hiyo akasikia pa, kisha kimya cha kuweza kuhesabu pumzi mbili, kisha pa nyingine iliyo karibu zaidi, naye akataka kukimbia lakini mguu wa kushoto, ambao wino ulikuwa umeufunika mpaka gotini, ukakataa, ukasimama pale pale kwa heshima kama askari aliyemwona mkubwa wake anakuja.

"Koplo," sauti ikasema nyuma ya shingo yake. "Habari za kazi."

Kalamu akaishika rafu kwa mikono miwili.

"Nimekuja tusahihishe. Umeandika nilisimama hatua kumi. Nilikuwa nimekaa, koplo, palipokuwa na dirisha. Hatua sita. Umeandika niliona kisu." Sauti ilikuwa pole, ya mtu anayeulizia njia. "Miaka mingi nimekaa mle ndani bila jina na bila neno la kusema na watu. Wewe ukanipa jina. Ukanipa dole. Serikali ikanigongea muhuri. Nashukuru. Lakini umenipa na maneno yasiyo yangu, na hilo limeniudhi."

"Unataka nini?" Kalamu alinong'ona.

"Wewe una maneno yangu. Mimi nina mguu wako. Mpaka siku ya kesi nitakuwa nimepanda mpaka yanapotokea maneno."

Taa ikapepesa, ikawaka. Mlango ulikuwa wazi. Lile faili lilikuwa mkononi mwake, na alipojaribu kuyachana maelezo, karatasi haikuchanika, ila ngozi ya paja lake la kushoto ndiyo iliyopasuka, mstari mmoja mnyoofu, ikatoka damu ya zambarau.

Mganga aliyempokea kesho yake alikuwa mama mnene, mchangamfu, na chumba chake kilikuwa kisafi kuliko hospitali. Alimwambia Kalamu apandishe suruali na shati. Wino ulikuwa kiunoni. Mama yule akauangalia mguu, akaunusa, akasonya.

"Huu mguu umeusainishia nini?"

Kalamu akamkodolea macho.

"Usiniangalie hivyo, sisomi nyota, naona wino. Watu wanakuja kwangu wamepandwa, wengine wamekaliwa, wengine wametupiwa. Wewe mwenzangu umemwajiri!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika, kisha kicheko kikakatika ghafla. "Nani kafa?"

Kalamu akamweleza yote. Ilikuwa mara ya kwanza kusema habari ya fundi rangi bila kumtia kisu mkononi, na alipofika kwenye ile herufi isiyomalizika, wino ulirudi chini upana wa kidole kimoja. Wote wawili waliuona.

"Umeona?" mganga akasema kwa sauti ndogo.

"Mtoe, mama. Nakuomba. Nipe dawa yoyote."

"Nimtoe wapi? Hakuingia kwa wizi. Mimi nina ubani na maneno, wewe umetumia muhuri." Akamshushia nguo. "Sikiliza, baba. Siku ya kesi, kabla hajaitwa, simama useme kweli kwa mdomo wako mwenyewe. Na brashi mrudishie mjane. Ukisema wewe, yeye hana kazi, atarudi kwenye gofu lake. Usiposema, atasema yeye. Na mdomo wa kusemea atakuwa ameshaupata."

"Wataniua, mama. Mkuu na Chapchap."

"Watakuandikia ulionywa mara tatu," mganga akasema, akamfungulia mlango.

Siku ya kesi ilifika, na wino ulikuwa shingoni. Kalamu alifunga kola hadi juu, akavaa skafu ya mkewe ndani ya sare, akaitia brashi mfukoni. Njia nzima aliyarudia maneno: alikuwa juu ya ngazi, mheshimiwa. Alikuwa juu ya ngazi. Mlangoni mwa mahakama Mkuu akamshika bega kwa upendo, kama baba mkwe.

"Kijana wangu. Ukitikisika, kumbuka hata wewe una faili. Na mke wako anarudi peke yake na vitambaa vyake kila jioni, sivyo?"

Kizimbani Kalamu alishika ukuta wa mbao. Hakimu akarekebisha miwani. Mjane alikuwa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani. Chapchap alikuwa anatafuna ukucha. Ndani ya mfuko, brashi ilimchoma paja.

"Koplo, haya ni maelezo uliyoyaandika wewe. Unayathibitisha?"

Yale ya njiani yalikuwa maneno matano tu, kila mtoto wa shule anaweza kuyatamka. Kalamu akamtazama Mkuu. Mkuu akatabasamu.

"Nayathibitisha, mheshimiwa. Marehemu alionywa mara tatu."

Akarudi kukaa. Mjane hakulia. Aliteremsha macho tu, akaifunga zipu ya mkoba wake.

"Shahidi wa pili," akasema hakimu.

Karani akatoka mlangoni, akaliita lile jina la mbuzi na bondia. Akaliita mara ya pili. Mkuu akajinyoosha kama mtu aliyekwisha kula. Karani akaliita mara ya tatu, na kabla mwangwi wake haujafika mwisho wa ukumbi, watu walioketi karibu na Kalamu wakaanza kukunja pua, mmoja akauliza kwa kunong'ona nani kaja na popo, na mguu wa kushoto wa koplo ukainuka wenyewe, ukakanyaga, pa, ukauburuta mwili uliobaki kama gunia, pa, akipita katikati ya viti huku mikono yake ikipapasa migongo ya watu kutafuta pa kujizuia na macho yake yakimwomba kila mmoja msaada ambao mdomo haukuweza kuuomba, maana wino ulikuwa umeivuka kola, umeivuka skafu, umepanda kidevuni mbele ya macho ya wote, na alipofika kizimbani ukaifunika midomo.

"Koplo, umeshatoa ushahidi. Rudi ukae," hakimu akasema.

"Koplo amekaa," ikajibu sauti pole. "Mimi nimeitwa. Wito ninao."

Akaapa. Akaeleza. Hatua sita, kwenye dirisha. Ngazi ya mti, kipago cha tano. Onyo moja, nalo halikuwa onyo, lilikuwa neno moja, shuka. Alipofika kwenye maneno ya fundi, hakuyaeleza, aliyatoa kama yalivyotoka: "Subiri kidogo afande, nimalize herufi hii, rangi itakauka." Na ilikuwa sauti ya fundi rangi mwenyewe, na kikohozi chake kidogo cha mvuke wa rangi, na mjane akainuka alipoketi akajishika kifua.

Mkono wa Kalamu ukaingia mfukoni, ukaiweka brashi mbele ya hakimu. Kisha mguu wa kushoto ukajivua kiatu na soksi, ukapandishwa juu ya kizimba, dole mbele. Mama hakimu hakuruka. Alichukua maelezo, akayalinganisha na dole, akavua miwani, akavaa tena.

Hapo ndipo Chapchap alipokimbia. Askari wa mlangoni akamwambia simama. Akamwambia tena. Akamwambia mara ya tatu, zikasikika zote tatu na mahakama nzima, na hakuna aliyempiga risasi. Walimkamata kwa kumkamata tu. Kumbe inawezekana.

"Swali la mwisho kwa kumbukumbu," hakimu akasema. "Shahidi anaishi wapi?"

Kichwa cha koplo kikainama, kikajitazama, sare, vifungo, mikono.

"Nilikuwa naishi kwenye gofu," sauti ikasema. "Nimehama."

Kesi zao zilipokwisha, Chapchap alifungwa maisha, Mkuu miaka kumi na minne, Kalamu miaka saba kwa kughushi. Siku ya kwanza gerezani alitakiwa kuandika jina lake kwenye daftari la wafungwa. Aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri, na alipomaliza askari magereza akamwuliza hili ni jina la mbuzi au la nani.

Ijumaa ya kwanza ya kuonana na ndugu aliitwa. Alijua ni mkewe. Alikimbia, kwa kadiri mtu anavyoweza kukimbia kwa mguu mmoja ulio wake. Nyuma ya wavu alikuwa amekaa mjane, gauni moja, mkoba mmoja, brashi ya kijani imelala mapajani mwake.

Kalamu akauegemea wavu. Machozi yalimtoka, na midomo, kwa kuwa shahidi alikuwa amemwachia kidogo asubuhi ile, ikamtii. "Mama... nisamehe. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka."

Mjane alimtazama kama anavyotazamwa tarishi aliyesimama mlangoni baada ya kushusha mzigo.

"Sikuja kwako," akasema. "Niitie shahidi."

"Mama, nakuomba. Akija ananifungia ndani. Huko ndani hakuna paa, mama, kuna—"

"Niitie shahidi. Nataka kumsikia mume wangu."

Harufu ya chokaa mbichi ikajaa chumbani. Mjane akafumba macho, akasogeza kiti. Na mdomo wa koplo ukafunguka.